Mzoga Uliokosa Mlaji

Kunguru wa Dar es Salaam ni wengi kiasi kwamba anayekunywa chai nje hulazimika kulilinda andazi lake. Mombasa na Zanzibar hali ni hiyo hiyo. Ongeza hapo shomoro wa mapaani, njiwa, tetere, chozi wa kwenye maua na mbayuwayu wa msimu. Wote hao hufa. Hata hivyo mtu anaweza kukaa mtaa mmoja miaka na miaka asikumbuke mizoga ya ndege zaidi ya michache: mmoja uliopondwa na gari, mwingine uliolala chini ya dirisha la kioo, na ule ambao paka aliuleta mlangoni.

Hesabu haikubaliani na macho. Ulaya na Amerika ya Kaskazini, ambako ndege wamefuatiliwa kwa pete za miguuni kwa zaidi ya karne moja, imeonekana kwamba karibu nusu ya ndege wadogo waliokomaa hufa kila mwaka, na makinda hufa kwa kiwango kikubwa zaidi. Ndege wa nchi za joto kwa kawaida huishi muda mrefu kidogo. Lakini pale ambapo idadi yao haipandi wala kushuka, hakuna ujanja: kila kinda anayefika utu uzima anachukua nafasi ya ndege aliyekwisha kufa mahali fulani. Mahali hapo ni wapi?

Kwa wengi ni tumboni mwa mwingine. Ndege mwitu wachache hupata bahati ya kufa kwa uzee, na ukiona mviringo wa manyoya yaliyotapakaa chini ya mti unaweza hata kumjua aliyekula. Kipanga humnyonyoa windo lake kwa mdomo, kwa hiyo vishina vya manyoya hubaki vizima. Paka au nguchiro hukata kwa meno, na manyoya hutoka mafungu mafungu, vishina vimetafunwa. Bundi hapotezi muda na mambo hayo: humeza ndege mdogo mzima mzima, kisha baada ya saa kadhaa akatapika kidonge cha mifupa na manyoya. Nchini Marekani pekee, utafiti uliochapishwa mwaka 2013 ulikadiria kwamba paka huua ndege kati ya bilioni 1.3 na bilioni 4 kwa mwaka, wengi wao wakiuawa na paka wasio na mwenyewe. Mizoga mabilioni, na hakuna mtaa unaonuka.

Waliobaki, yaani wagonjwa, wenye njaa na waliojeruhiwa, hawafii hadharani. Ndege aliyeishiwa nguvu hujibanza kichakani, kwenye tundu la mti au chini ya bati, kwa sababu kuonyesha udhaifu mbele ya kipanga ni kujiita chakula. Akikata roho humo, mwili wake hauna muda mrefu wa kubaki mwili.

Muda huo umepimwa. Katika miaka ya 1980 watafiti wa Marekani waliweka mizoga ya ndege wadogo mashambani kisha wakarudi kuitafuta. Matokeo, yaliyochapishwa mwaka 1986 katika jarida la The Auk, yalionyesha kwamba mingi ilitoweka ndani ya saa 24. Swali lililokuwa nyuma ya jaribio hilo lilikuwa zito kuliko linavyoonekana. Dawa ya wadudu ikipulizwa shambani, na siku mbili baadaye mkaguzi akapita asione ndege aliyekufa, je, dawa ile haikuua? Jaribio lilijibu kwamba mkaguzi amechelewa. Mzoga unaoonekana ni ule uliokosa mlaji, na yeyote anayehesabu vifo kwa kuhesabu mizoga ameanza na mabaki ya hesabu.

Ukiwakosa paka, kunguru, kicheche na fungo, mwili wa ndege huangukia mikononi mwa wadogo. Joto la ndege aliye hai ni kati ya nyuzi 40 na 42, na manyoya hulizuia lisitoke haraka baada ya kifo, kwa hiyo uozo huanzia pazuri. Vimeng'enya vya mwili huanza kuzila seli zilezile vilizozitumikia, bakteria wa utumbo huvuka mipaka yao, na hewa chafu hujaa tumboni. Nzi wa kijani hufika ndani ya dakika. Ngozi iliyofunikwa manyoya haimfai jike anayetaka kutaga, basi hutafuta milango: macho, kinywa, kidonda. Kwenye joto mayai huanguliwa ndani ya siku moja, na mabuu hufanya kazi kuanzia ndani kwenda nje. Ndege mwenye ukubwa wa shomoro anaweza kubaki mifupa na manyoya ndani ya wiki moja. Siafu wakipita kabla ya hapo, hata wiki ni ndefu.

Ulaya, Asia na Amerika ya Kaskazini wana wafanyakazi ambao Afrika Mashariki haina: mbawakawa wazishi wa jenasi Nicrophorus. Dume na jike huchimba udongo chini ya mwili wa ndege mdogo au panya mpaka ukazama, humnyonyoa manyoya, humviringisha kuwa tonge, na kumpaka majimaji yanayozuia bakteria na kuvu. Kisha hulea watoto wao juu ya tonge hilo wakiwalisha mdomo kwa mdomo. Migongoni hubeba utitiri wanaoshuka na kula mayai ya nzi, washindani wa wenyeji wao. Asubuhi mpita njia hakuti hata unyoya, naye hudhani ni mbweha.

Kinachodumu zaidi ni manyoya. Yametengenezwa kwa keratini, protini ngumu ambayo tumbo la walaji wengi haliwezi kuivunja. Kazi hiyo wameachiwa mabuu ya nondo, mbawakawa wa ngozi kavu, kuvu za udongoni, na bakteria kama Bacillus licheniformis. Lakini sehemu ya manyoya hairudi udongoni moja kwa moja. Teleka wanaojenga minazini hudaka manyoya yanayopeperushwa na upepo na kuyagandisha kwa mate chini ya kuti, na hapo ndipo yai linapokaa. Unyoya wa marehemu mmoja unakuwa godoro la kinda wa mwingine.

Mifupa nayo ni myepesi, mingi ina uwazi ndani, na hupasuka upesi. Ndiyo maana visukuku vya ndege ni adimu kulinganisha na vya wanyama wenye mifupa mizito. Archaeopteryx wa Bavaria, maarufu tangu 1861, anajulikana kwa viunzi karibu dazeni tu, vilivyohifadhika kwenye tope laini la wangwa wa miaka milioni 150 iliyopita. Kinyume chake, mkoa wa Liaoning nchini China umetoa mamia ya Confuciusornis, kwa sababu maziwa na majivu ya volkano viliwafunika kabla walaji hawajafika.

Afrika Mashariki ina ziwa linalofanya kazi kama hiyo, japo kwa kemia nyingine. Mwaka 2013 mpiga picha Nick Brandt alitoa kitabu, Across the Ravaged Land, chenye picha za ndege wa Ziwa Natron, kaskazini mwa Tanzania, waliokauka wakawa kama sanamu za chokaa: tai juu ya tawi, heroe (wengi humwita flamingo) akiwa amesimama majini. Picha zilienea duniani zikiandamana na maelezo kwamba ziwa hili humgeuza jiwe kila anayeligusa. Ni uzushi. Brandt mwenyewe alieleza kwamba aliwakuta ufukweni wakiwa wamekwisha kufa, ndipo akawapanga katika mikao ya walio hai. Na ziwa hilo hilo la kifo ndilo wanakoanguliwa heroe wadogo walio wengi duniani, wakilindwa na maji machungu ambayo fisi na mbweha hawathubutu kuyavuka.

Kilichowahifadhi ndege wa Brandt ni magadi, jamaa ya yale yanayotiwa kwenye maharage na kunde yaive upesi. Maji ya Natron yana uchungu wa pH unaoweza kuzidi 10. Chumvi hizo hufyonza unyevu wa mwili, na bakteria waozeshaji hawastahimili hali hiyo. Wamisri wa kale waliijua siri hii. Walikausha maiti zao kwa magadi ya Wadi Natrun. Ndege nao hawakuachwa. Kwarara, aliyekuwa ndege wa mungu Thoth, alifungwa sanda na kuzikwa kwa mamilioni huko Saqqara na Tuna el-Gebel. Wanazuoni waliofuatana na jeshi la Napoleon walipeleka baadhi Paris, na Georges Cuvier akawapima. Alipoona kwamba kwarara wa miaka elfu kadhaa hawatofautiani na wa siku zake, aliwageuza hoja ya kupinga wazo kwamba viumbe hubadilika. Miaka elfu chache haitoshi kwa swali lile, lakini vipimo vyake vilikuwa sahihi.

Baharini mambo ni mengine. Mwili wa ndege wa bahari huelea, ukishikiliwa na manyoya na vifuko vya hewa, kisha shakwe, samaki na mawimbi huugawana. Baada ya siku kadhaa unazama. Kinachofika pwani ni sehemu ndogo. Meli ya Exxon Valdez ilipomwaga mafuta Alaska mwezi Machi 1989, watu waliokota mizoga zaidi ya 30,000. Makadirio ya waliokufa yalikuwa kati ya 100,000 na 300,000. Mfano wa karibuni unatisha zaidi. Mwaka 2015 na 2016, joto lisilo la kawaida katika Bahari ya Pasifiki liliwanyima chakula ndege waitwao murre, na mizoga kama 62,000 ilitupwa fukweni kuanzia California hadi Alaska. Mwaka 2020 wanasayansi walikadiria kwamba waliokufa wangeweza kufika milioni 1. Mwaka 2024 watafiti wengine waliacha mizoga wakawahesabu walio hai kwenye makoloni yao ya Alaska. Milioni 4 hawakuwepo. Karibu nusu ya murre wote wa eneo hilo walikuwa wametoweka, na pwani ilikuwa imeonyesha mmoja kati ya sitini na zaidi.

Ikiwa mizoga huliwa upesi hivyo, kuiona imetapakaa ni habari yenyewe. Maana yake wameanguka wengi mno kwa wakati mmoja, walaji wakashiba. Katika maziwa ya magadi ya Bonde la Ufa, kongoti na furukombe hula heroe mwaka mzima, na fisi husafisha ufuko usiku. Julai na Agosti 2004, heroe walipokufa kwa maelfu katika Ziwa Manyara na Momela Kubwa, walaji hao walizidiwa. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam wakiongozwa na Charles Lugomela walichunguza maji na kuelekeza kidole kwa sianobakteria, viumbe vidogo vya jamii ileile wanayoila heroe, ambavyo baadhi yake hutoa sumu. Nchini Kenya, kwenye maziwa ya Bogoria na Nakuru yaliyokumbwa na vifo vya namna hiyo tangu miaka ya 1990, sumu hizo zilipatikana hata ndani ya manyoya ya waliokufa. Unyoya uleule ambao mlaji huutupa ulikuwa umeweka kumbukumbu ya sumu.

Kuna ugonjwa mmoja unaougeuza mzoga kuwa mtego. Bata wa maji hubeba mbegu za bakteria Clostridium botulinum tumboni bila madhara. Akifa kwa sababu yoyote, mwili wake wenye joto na usio na oksijeni huwa kiwanda cha sumu. Mabuu ya nzi hula nyama hiyo na sumu hukusanyika ndani yao bila kuwadhuru. Bata mwingine anapita, anadonoa mabuu machache tu, anapooza shingo, anazama. Mwili wake unavutia nzi wapya. Katika maziwa ya Amerika ya Kaskazini mlipuko wa aina hii umeua bata kwa maelfu mengi, na kwa muda mrefu kinga kuu imekuwa kupita na mashua kuokota mizoga kabla mabuu hayajakomaa. Yaani binadamu analazimika kufanya kazi ya fisi.

Homa ya ndege haihitaji mabuu. Januari 2017, kando ya Ziwa Victoria nchini Uganda, buabua wenye mabawa meupe walianza kuonekana wamekufa kwa wingi, pamoja na eneo la Lutembe karibu na Entebbe. Vipimo vilionyesha kirusi cha H5N8. Watu walionywa wasiguse wala kula ndege waliokutwa wamekufa, na Kenya ikafunga mpaka kwa kuku wa Uganda. Kirusi cha namna hii hudumu katika maji ya baridi na katika mwili uliokufa, na shakwe anayekula mzoga wa ndege mgonjwa huruka nacho mpaka kwenye koloni jingine. Kanuni ya dini inayomkataza Mwislamu kula kibudu inalingana, katika jambo hili, na ushauri wa daktari wa mifugo.

Lakini hatari kubwa zaidi katika mizoga ya Afrika imetiwa na mikono ya watu. Juni 2019 nchini Botswana, tumbusi 537 walikutwa wamekufa karibu na tembo watatu waliouawa na majangili na kutiwa sumu. Jangili humchukia tumbusi kwa sababu anapozunguka angani huwaonyesha askari wa wanyamapori mahali pa kwenda. Tumbusi aliyekufa kwa sumu naye ni mzoga, na anayemla hufuata. Ndiyo maana askari wakifika mahali kama hapo haiwatoshi kuhesabu. Hulazimika kuchoma au kufukia kila mwili, ndege kwa tembo. Hasara haiishii kwa ndege. Darcy Ogada na wenzake waliweka mizoga ya mbuzi huko Laikipia na kulinganisha palipofikiwa na tumbusi na pasipofikiwa. Bila tumbusi, muda wa mzoga kuisha uliongezeka karibu mara tatu, na mamalia waliokusanyika na kugusana pale waliongezeka vilevile, na pamoja nao nafasi ya kuambukizana maradhi.

Kwa kwelea kwelea, serikali zenyewe ndizo hupuliza sumu. Januari 2023 Kenya ilianza kampeni ya kuwaua kwelea kama milioni 6 waliovamia mashamba ya mpunga Kisumu. Dawa iliyozoeleka kwa kazi hii katika nchi nyingi za Afrika ni fenthioni, ambayo haiozi na ndege siku ileile. Vipanga, bundi na kongoti hushuka kwenye karamu, na mahali pengine watu hukusanya ndege hao kwa ajili ya kitoweo. Wilayani Kondoa, Tanzania, kwelea huliwa pia, ila hunaswa kwa nyavu na mitego. Tofauti kati ya sahani hizo mbili haionekani kwa macho, na hapo ndipo ubaya wake ulipo.

Linganisha na kunguru. Kunguru wa India aliletwa Zanzibar miaka ya 1890 ili afagie taka, akabaki akila mayai na makinda ya ndege wenyeji. Mwaka 2024 Shirika la Huduma kwa Wanyamapori Kenya lilitangaza mpango wa kuondoa kunguru milioni 1 pwani kwa dawa iitwayo Starlicide. Hoja kubwa iliyotolewa kuitetea ilihusu mzoga: dawa hiyo huua polepole, na mwili wa kunguru huivunjavunja kabla hajafa, hivyo atakayemla hatarajiwi kudhurika. Sera nzima ya sumu, kwa maneno mengine, ilitetewa kwa kile kinachotokea baada ya ndege kuanguka. Ilistahili iwe hivyo kwa kwelea pia, miongo mingi iliyopita.

Wako ndege wachache ambao kifo chao huandikwa. Katika hoteli ya Ngulia, Tsavo Magharibi, taa zinapokutana na ukungu wa Novemba na Desemba huwavuta ndege wahamaji usiku, na tangu 1969 watafiti wamewavisha pete hapo kabla ya kuwaachia. Pete hizo hufika mbali, hadi Uarabuni na Urusi, na mara nyingi aliyezisoma alikuwa ameshika ndege aliyekwisha kufa.

Chicago taa na vioo havikuwa na huruma hiyo. Mwaka 1978 David Willard wa jumba la makumbusho la Field alisikia kwamba ndege hujigonga kwenye jengo la mikutano la McCormick Place, akaenda kutazama, akaokota. Hakuacha kwa miongo minne. Vipimo vya ndege 70,716 wa spishi 52 waliookotwa mjini humo kati ya 1978 na 2016, wengi wao naye, vilionyesha kwamba miili imepungua na mabawa yamerefuka kidogo kadiri dunia ilivyopata joto. Cuvier angelihitaji ushahidi wa namna hii. Makumbusho yenyewe hutumia mbawakawa wa ngozi kusafisha mifupa ya ndege, wadudu walewale ambao wakivuja kwenda kwenye makabati hula mkusanyiko mzima. Zamani ngozi za ndege zilipakwa aseniki ili kuwazuia.

Asubuhi ya tarehe 5 Oktoba 2023 waokotaji walikuta ndege wasiopungua 961 kwenye jengo lile moja. Mzigo huo haukuweza kufagiwa na kunguru kimyakimya, na picha zake zikaenea. Mwaka uliofuata, kabla ya msimu wa vuli, wenye jengo walitumia dola milioni 1.2 kubandika vioo utando wenye nukta ndogo ndogo ambazo ndege huziona. Vifo vilishuka kwa takriban asilimia 95, na mkusanyiko ulioanza mwaka 1978 ukabaki na ndege wachache tu wa kuongeza.